Kikombe cha Kukagulia Maziwa

Muuguzi ameniomba niseme mbele yenu, akina mama mliokuja kliniki na watoto wachanga. Nilikataa mara mbili. Leo nimekubali kwa sababu mama mkwe wangu amenisindikiza. Yuko pale nyuma, amembeba mjukuu wake.

Naitwa Wanja, nimeolewa huku Manyatta. Kabla ya kuzaa sikuwa nimelazwa hospitali hata siku moja. Nilikamua ng'ombe watatu, nikakata nyasi za napia, na Jumapili bado nilikuwa na sauti ya kwaya. Kazi ya ng'ombe nilifundishwa na mama mkwe, ninayemwita Mama. Matone ya kwanza unayakamulia kwenye kikombe chenye kifuniko cheusi. Ukiona mabonge, ng'ombe ana ugonjwa wa kiwele. Maziwa hayo hayapelekwi deri kuuzwa, na ndama hapewi.

Nilijifungua msichana. Kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mama wa bwana, kwa hivyo akawa Igoki. Mama alinipikia uji wa wimbi mpaka nikamsihi apumzike.

Wiki ya tatu titi langu la kushoto lilivimba. Lilikuwa jekundu, la moto, gumu kama kiazi kibichi, na chuchu ilikuwa imepasuka. Nilitetemeka kwa homa chini ya blanketi mbili. Mama aliligusa, akatoka. Aliporudi alikuwa na kile kikombe.

"Kamulia hapa," akasema.

Nikakamua. Kulikuwa na vibonge vya manjano. Tuliviangalia sote wawili, na mimi ndiye niliyeanza kulia.

"Wanja, hii si maziwa ya kupea mtoto. Na hii ugonjwa inatoka chuchu moja inaenda ingine, kwa hivyo asinyonye hata huo upande mzuri. Wewe kamua yote umwage, asubuhi na jioni, mpaka hiyo uchafu iishe."

Sikubisha. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Igoki akaanza kupewa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji.

Siku ya kwanza nilikamua nikamwaga nyuma ya zizi. Siku ya pili maumivu yalinishinda. Hata nguo ikinigusa nilikuwa naona nyota. Mama alikuwa akiuliza, "Umekamua?" Nami nikijibu, "Nimekamua, Mama." Nililowesha beseni la kukamulia kwa maji aone limetumika.

Siku ya tano titi lilikuwa la zambarau, ngozi inang'aa, na mahali pamoja palikuwa pamelegea kama tunda lililooza. Igoki alikuwa anaharisha maji matupu. Utosi wake ulikuwa umebonyea. Alikunja uso kulia, lakini hapakuwa na sauti wala machozi. Nilimwomba Mungu anichukue kwanza, nisije nikamzika.

Bwana wangu, Njeru, aliomba gari kwa jirani tukapelekwa hospitali Embu. Njiani Mama alimshikilia mtoto kifuani. "Jina yangu inakufa," alisema. Hakuwa anamwambia mtu yeyote.

Daktari alilipasua titi. Usaha ulijaza bakuli, na harufu yake naikumbuka hata nikila. Akauliza ni nani aliyesema maziwa yangu ni mabaya.

"Ni mimi," Mama akajibu. "Kwa ng'ombe tunafanya hivyo."

Daktari hakumcheka. "Mama, mtoto akinyonya ndiyo titi linapona. Maziwa ya upande uliovimba hayangemdhuru. Mngemwacha anyonye na kuja mapema tumpe mama yake dawa, pengine usaha haungefika hapa. Hayo maziwa ya ng'ombe na maji ndiyo yamemuumiza."

Mama alikaa chini sakafuni.

Siku nne Igoki alikuwa na dripu kwenye mguu mdogo kama kidole changu. Wanawake wa kanisa walikuja kuomba. Nilifumba macho pamoja nao, lakini sikuwa naomba. Nilikuwa nasikiliza kama bado anapumua. Muuguzi alimrudisha kwenye titi la kulia. La kushoto nilikamua kwa mkono mpaka kidonda kikafunga, maana mkato ulikuwa karibu na chuchu. Nililia kila mara, na nilikamua kila mara. Siku ya tano Igoki alilia kwa sauti, na machozi yakatoka.

Sasa anatembea; ndiye huyo Mama amembeba pale nyuma. Titi la kushoto halikurudi vile lilivyokuwa. Lina kovu, na maziwa yake yalikuwa haba mpaka nilipomwachisha.

Nawashukuru daktari na wauguzi, na Mungu ambaye sikuweza kumwomba. Titi likivimba, usimnyime mtoto. Nyonyesha, na uende hospitali siku hiyo hiyo. Asipoweza kunyonya, kamua. Na mtoto wa wiki tatu hahitaji maji wala maziwa ya ng'ombe.

Tangu siku ile Mama hajakishika tena kile kikombe. Ng'ombe hukaguliwa na Njeru. Kila Mama akimwogesha Igoki humwomba msamaha kwa Kiembu, akidhani sisikii. Mnafikiri ni ushauri wake tu ulionifikisha kwenye kisu, na yeye pia anafikiri hivyo.

Mama, ulikosea kumnyima mtoto. Lakini uliniambia nikamue, na hilo daktari mwenyewe angeniambia. Sikukamua. Nilikudanganya siku nne, na nimekuacha ubebe lawama peke yako mpaka leo.