Nililaza nyasi bandia uani peke yangu, mume wangu akauliza ni mwanaume gani alikuja

Admin, jina langu libaki kwako tu tafadhali, mtaani kwetu maneno hayachelewi kufika. Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, kwetu ni Singida. Nimeolewa na Mchaga, nimwite G., tunaishi Olasiti. G. ni dereva wa watalii. Msimu ukichanganya anakaa porini wiki kwa wiki, akirudi analala, nafua nguo zake, anaondoka tena. Mtoto bado hatujajaliwa. Hapa Arusha sina ndugu hata mmoja. Nafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba, na kuna siku mtu pekee ninayeongea naye ni yule anayekuja kuchukua trei za mayai. Simlaumu G. kwa hilo, ndiyo kazi iliyotujengea nyumba.

Ila kila akirudi alikuwa na neno moja. "Kule lodge unakanyaga majani mabichi, ukifika kwako ni vumbi mpaka kwenye chai." Anasema huku anacheka, lakini mimi lilikuwa linaniingia. Nilishapanda majani ya kawaida mara mbili, maji ya bomba yakawa ya kusubiri, yakakauka yote. Nikajiambia, uwanja ukipendeza labda atakuwa anakaa kaa kidogo nyumbani.

Basi nikanunua kapeti la nyasi bandia kwa pesa za mayai. Vijana wa kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, wakanishushia roli la kapeti ndani ya geti, wakaondoka. Fundi sikuita. Niliangalia video kwenye simu, nikaanza mwenyewe.

Jamani ile kazi! Nilichimbua magugu na mawe, nikasawazisha udongo kwa reki, nikamwaga udongo wa moramu na mchanga, nikashindilia kwa kigogo mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nikatandika kitambaa cheusi cha kuzuia magugu. Roli lilinishinda kunyanyua, nikalifunga kamba nikawa nalivuta kinyumenyume kama ng'ombe. Kipande cha kwanza nikakilaza vibaya, manyoya yakaangalia ukutani wakati ya kipande cha pili yanaangalia nyumba, ikabidi nikifumue. Siku hiyo nilikaa chini nikalia, halafu nikacheka, halafu nikaona sina wa kumsimulia. G. sikutaka kumwambia, nilitaka akute.

Nilipokaribia kumaliza, kikawa kimebaki kipande cha upande wa tenki la maji tu. Niliketi katikati ya uwanja, mlima Meru ulikuwa wazi siku hiyo, nikajisikia kama kuna kitu nimefanya duniani.

G. akarudi mchana. Akasimama getini na begi lake, akaangalia uwanja wote. Nikasubiri atabasamu. Akaniuliza, "Nani kaja kutengeneza?"

Nikamwambia, "Mimi."

"Nakuuliza vizuri, mama. Ni mwanaume gani ameshinda humu ndani mimi nikiwa sipo?"

Nilidhani ni utani. Nikamwonyesha mikono. Akasema hata kufua kunatoa malengelenge. Akaenda kwa jirani, jirani akasema ukweli wake, kwamba aliona kirikuu na vijana wakiingia, kingine hajui. Hapo ndipo nilipoumia. Nilitafuta kichwani mtu wa kunishuhudia, mmoja tu aliyeniona nikivuta lile roli, nikakosa. Geti linakuwa limefungwa, hata wa trei za mayai namkabidhi pale nje. Upweke wangu wote ule ndiyo ukageuka kesi.

Kesho yake akamleta mama yake kutoka Lemara. Mama mkwe akaniambia kwa upole, "Mwanangu, roli lile mwanamke peke yake? Sema tu, tuyamalize kifamilia."

Nikawaambia, "Kuna kipande kimebaki kule kwenye tenki. Njooni mkae mniangalie."

Wakatoa viti. Nikachimbua, nikasawazisha, nikamwaga mchanga, nikashindilia. Nilipoanza kuvuta kapeti, mama mkwe akainuka anishikie upande mmoja. G. akamzuia. "Mwache, mama. Tuone."

Akakaa. Nikavuta peke yangu mume wangu akiniangalia. Nikakata kwa kisu kufuata ukuta, nikapaka gundi kwenye maungio, nikapiga magoti nikawa nakandamiza, jasho na machozi vinadondoka pamoja, hakuna aliyejua kipi ni kipi.

Nilipoinuka G. alikuwa anacheka. "Kumbe kweli unaweza!" Akatoa simu akanipiga picha, akawatumia madereva wenzake, akaandika: fundi wangu huyo. Mama mkwe akasema, "Haya, yameisha. Tuwekee chai." Nikaenda kuweka chai.

Hakuna aliyeniambia pole. Hakuna aliyeuliza kwa nini niliifanya ile kazi, wala kwa nini niliifanya peke yangu.

G. amerudi porini. Anapiga simu ana furaha, ananiita fundi. Anasema akija mwisho wa mwezi ataleta wenzake, tuchome nyama pale kwenye nyasi, waone. Namjibu sawa. Zamani simu yake ikiita nilikuwa naacha hata kuku nakimbilia. Siku hizi naiangalia ikiita mpaka inakata, ndipo nampigia kumwambia nilikuwa bafuni. Nilizoea kuwa mpweke nikimsubiri. Huu upweke wa kutomsubiri ni mgeni kwangu, na unanitisha.

Nilimpigia mama yangu Singida nikamweleza. Akasema, "Si ameshakuamini? Unataka nini tena?" Nikamuaga, nikaenda kuokota mayai.

Ndugu zangu, ninyi mliokaa kwenye ndoa, nielekezeni. Nimpikie na kuwakaribisha wageni wake, yapite? Nimkalishe nimwambie bado naumia, na kama ni hivyo naanzia wapi, maana yeye anajua yameisha? Au nipande basi niende kwetu kabla hajafika? Msinitukane, nitasoma maoni yote. Muda wa kusoma ninao.