Za Mkononi

Fundi umeme waliyemwita Cheche hakuwahi kujua kutulia, lakini mchana ule alizidi. Alikaa juu ya ndoo ya rangi, akainuka, akaegemea ngazi, akaiacha. Simu aliyoishika ilikuwa na ujumbe wa malipo yake ya kwanza tangu aache ajira kiwandani. Aliusoma tena na tena, kana kwamba tarakimu zingeona haya zikaongezeka. Zilikuwa nusu na ushei tu ya alizoahidiwa.

Wakala aliyemtafutia kazi kwenye jengo hili, mtu wa maneno matamu na viatu vya kung'aa, alikuwa amempigia hesabu kwenye simu mbele ya macho yake. "Ukijitegemea, fundi, hizi ndizo zako. Mkononi!" Kule kiwandani, pesa ya mkononi ilikuwa ile inayobaki baada ya kila mwenye kukata kukata. Cheche hakuuliza zaidi. Alikwenda nyumbani mbio akamwambia mkewe, "Mama watoto, kufua basi. Kaage."

Mkewe alikuwa akifua mashuka ya hoteli. Dawa zilimchubua vidole, na kifua kilimbana hata akashindwa kulala chali. Alipoambiwa aache, alikaa chini akalia kwa furaha. Na leo ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho.

Cheche akampigia wakala. "Mbona pesa pungufu?"

"Pungufu wapi? Toa kodi, toa bima, toa ada yangu. Halafu zile siku mvua ilisimamisha jengo, nani akulipe? Wewe si mwajiriwa tena."

"Lakini ulisema mkononi!"

"Mkononi maana yake unalipwa wewe mwenyewe, hupitii kwa mwajiri. Kila fundi anajua." Simu ikakatwa.

Kila fundi anajua! Watu wa namna hii wakikukata, kosa ni lako kwa kuwa na shingo. Cheche aliacha nyaya zikining'inia ukutani, akatoka mbiombio. Njia nzima alipanga maneno na kuyapangua. Mara aseme leo, mara angoje kesho mwenzake ashibe furaha kwanza. Alijichukia kwa hilo la pili.

Mkewe alimkuta amesimama kwenye geti la nyuma la duka la dobi alikofulia. Alitoka bila aproni, anacheka peke yake.

"Baba watoto! Leo umeamua kunidekeza, umekuja kunipokea?"

"Pesa hazikutimia," Cheche akasema. "Hesabu ya yule wakala ilikuwa kabla ya makato. Nilidanganyika, nikakudanganya na wewe."

Mkewe akavitazama vidole vyake, akavikunja. "Basi ngoja nirudi," akasema taratibu. "Msimamizi bado yumo ndani." Na alikwisha kugeuka.

Cheche alimshika kiwiko. "Wewe nenda nyumbani."

"Na wewe?"

"Nenda, mama. Nakuja."

Ndani, katikati ya mvuke, msimamizi alikuwa akikunja foronya. Alimpima Cheche kwa macho, toka buti hadi kichwani.

"Nafasi ya mke wangu, ila kwa zamu ya jioni, nikitoka jengoni," Cheche akasema. "Umeshapata mtu?"

"Bado. Kwani wewe unajua kufua?"

"Najua kutengeneza mashine zikiharibika. Kufua nitajifunza."

Msimamizi alimtajia malipo. Cheche akauliza kwanza.

"Hizo ni kabla ya makato au baada?"

"Baada."

"Na kodi imo?"

"Imo, bwana! Mbona wasiwasi hivyo?" Msimamizi aliangua kicheko, akachomoa aproni kwenye msumari akamrushia.

Kifuani ilikuwa bado imelowa, pale mkewe alipokuwa akiegemea beseni mchana kutwa. Ubaridi ulimpenya Cheche papo hapo. Alijaribu kufunga kamba kwa nyuma, zikakataa kukutana, kwa maana zilikatwa kwa kiuno cha mkewe. Akaishikilia hivyo hivyo kwa mkono mmoja, akaanza kufua.