Ni Kichwa Tu, Tata

Shida zangu zilianza mwaka wa 1936, nikiwa na miaka tisa, baba alipozikwa nami nikaacha shule nikachunga ng'ombe wa watu. Nasema mapema ili msomaji asitafute Kiswahili cha mwalimu hapa. Juma lililopita nililetewa habari kwamba mkunga wa zahanati yetu ya Manga amefariki, bibi mkongwe. Waliofika kuzika wengi wao walikuwa wanawake. Mimi nilikwenda, nikasimama nyuma.

Alipokuja kwetu miaka ya hamsini alikuwa msichana. Zahanati ilikuwa ya dresa mzee, mganga msaidizi wa serikali, rika la baba yangu, mtu wa kuheshimiwa: swali moja, dawa, mwingine aingie. Msichana yeye aliketi na mgonjwa mmoja mpaka foleni inanung'unika. Wanaume tulimcheka. Tulisema hajazaa, atamfundisha nini aliyezaa?

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba alipoanza kuumwa. Aliomba aende kwa msichana. Nikakataa, nikampeleka mwenyewe kwa mzee. Na chinsoni, miiko yetu ya kuoneana haya, nilizijua, kila Mgusii anazijua: mke hataji mambo ya mwili wake mbele ya mtu wa rika la baba mkwe. Ila mimi niliona dawa ni dawa. Mzee akamuuliza panapouma. Akainamisha macho, akasema, "Ni kichwa tu, Tata," kama amwitavyo baba mkwe. Akapewa vidonge vya kichwa. Siku ya tatu damu ikammaliza, yeye na mtoto tumboni.

Mkunga alikuja matangani. Nikamfokea mbele za watu, mbona siku ile alimwona mke wangu pale zahanati asimwite kwake. Hakupandisha sauti. "Aliniangalia, shemeji. Lakini wewe ulikuwa umemshika mkono."

Watu hubishana nani daktari bora, mzee au kijana, mwanamke au mwanamume. Upuuzi. Mzee yule aliniponya kichomi mimi mwenyewe, kwa swali lake moja, maana kifua changu sikukionea haya. Alitibu alichoambiwa. Muulize mgonjwa ni nani anayeweza kumwambia ukweli, kisha umpeleke huko, hata kama ni kwa mtoto wa juzi.

Leo nina ekari nne za chai, ng'ombe watatu wa maziwa, kinu cha unga pale Masimba, na nyumba ya matofali. Vyote nilivipata kwa kutosikia la mtu. Na kaburi la mke wangu pia.