Baraka Iliyoombewa Msamaha

Kwetu Kongo, kwenye milima ya Fizi, mtoto mchanga habarikiwi kwa maneno matupu. Bibi humpokea, humwombea, kisha humtemea mate kwenye paji la uso: tone tu, kama mtu anayepuliza vumbi. Mimi nilitemewa hivyo, na wadogo zangu wote. Tulipokimbilia Malawi, kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mama aliendelea kuwabariki watoto hivyo, na wachungaji wetu wakanuna mpaka wakachoka.

Mimi nilipata kibali cha kushona nguo Lilongwe, kwenye soko la Kawale. Mimba mbili zilikuwa zimeniharibikia. Ya tatu ilipofikia mwezi wake, mama alikuja kukaa nami, na sitaficha: nilimngojea kwa ajili ya yale mate. Niliamini mtoto huyu atakaa duniani mama akimbariki.

Asubuhi moja jirani yangu wa sokoni, Mmalawi muuza nyanya, alikuja na mwanawe mchanga kwa mara ya kwanza. Mwanamke mwema; nusu ya Kichewa ninachokijua alinifundisha yeye. Akampa mama mtoto ambebe. Mimi nimeinamia cherehani, nikamsikia mama, "Ukomae, mutoto, uzikwe na mikono ya bajukuu yako." Halafu nikasikia yowe.

Muuza nyanya alilia kana kwamba lile tone la mate kwenye paji la mwanawe lilikuwa maji ya moto. Sikumlaumu, na leo pia simlaumu. Kwake mate ya mtu mzima ni kifua kikuu, au uchawi, au dharau. Hakuna la nne. Watu wakajaa. Mgeni kuku mweupe, na mama na kitenge chake cha Kikongo alionekana toka mbali. Tukapelekwa kituo cha polisi.

Ofisa alikuwa mpole, na upole wake ulinitisha. Alisema kumtemea mtu mate ni kumshambulia, hata kama hukumwinulia mkono, na hakimu anaweza kukutoza faini au kukufunga. Sasa, kwenye ukuta wa soko lile pameandikwa kwamba ni marufuku kutema mate, na wanaume wazima wanasimama chini ya maandishi hayohayo na kutema makohozi kila siku ya Mungu. Sijaona aliyekamatwa. Lakini mkalimani nilikuwa mimi, nikatafsiri.

"Mwenye mtoto akisamehe, yanaishia hapa," alisema ofisa. "Mama yako aombe radhi tu."

Nikamgeukia mama. "Mama, sema pepani. Njo neno yao ya kuomba musamaha."

"Niombe musamaha ju ya baraka?" aliniuliza. "Nikiiombea musamaha, nimeikana. Ule mutoto atabakia na nini?"

"Batakufunga, mama."

Alitaka kujibu, akalitazama tumbo langu. Kisha akapiga magoti mbele ya muuza nyanya na kusema, "Pepani." Muuza nyanya akamwinua, machozi yakimtoka yeye pia, na tukaruhusiwa kuondoka.

Binti yangu alizaliwa mzima. Alipopata nguvu tulirudi naye Dzaleka, nikamweka mikononi mwa mama ndani ya nyumba yetu ya matofali ya udongo, mlango umefungwa, sisi kwa sisi. Mama alimwombea vizuri sana. Akampangusa paji kwa pembe ya kitenge. Nikangoja. Akanirudishia mtoto.

"Mama, hauyamutemea bado."

"Mate iko," alisema. "Ila hii kinywa ilisha kuomba musamaha ju ya ile kitu. Baraka haiwezi kutoka mule tena."

Nilimbembeleza, nikamgombeza, mwisho nikalia kama mtoto. Aliniacha nilie, akaenda kusonga ugali.

Binti yangu sasa anatembea. Akikohoa tu, mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye paji lake. Mtoto wa muuza nyanya naye anakimbia kati ya meza za soko, amenona mashavu, hajaugua hata mafua ya kutajika. Mama anashikilia kwamba baraka ile aliikana pale kituoni. Mimi namtazama yule mtoto akipita mbele ya cherehani yangu, na ninamwonea wivu.