Fundo la Baba Mkwe

Mimi nina kinyaa, tena sifichi. Kamasi za mtoto wa jirani tu zinanitapisha. Basi si nikaletewa baba mkwe kutoka Butiama! Tezi dume ilikuwa imemziba mkojo, amewekewa mpira wa mkojo, mfuko unaning'inia mguuni. Akakaa kwetu Bweri kusubiri upasuaji. Chumba chake kilikuwaga kinanuka kuliko zizi la mbuzi. Bahati yangu, kwetu mkamwana haingii anapolala mkwewe. Mume wangu ndiye aliyekuwa anamwaga ule mfuko, na mimi mila hiyo niliipenda, haki ya Mungu.

Jumapili moja mume wangu akaenda msibani Bunda. Mzee akarudi kutoka Misa, akaingia chumbani, baadaye nikamsikia anagumia.

"Baba, kuna nini?"

"Niache, mama. Na usimwite mtu."

Simu ya mume wangu haipatikani. Nikasukuma mlango. Jamani! Tumbo la chini limemvimba, jasho linamtiririka, na ule mpira ameukunja, akaufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Kumbe alitaka mfuko usijae mbele ya waumini. Sasa fundo limekaza, mwenyewe hawezi kulifungua. Na muuguzi alishatuonya kwamba mpira ukizibwa, mkojo unarudi kwenye figo, mtu anakufa.

"Toka! Ni laana hii!"

"Laana gani, baba, na wewe unakufa?" nikamjibu kwa hasira.

Kucha zangu zikashindwa. Kisu nikaogopa, nisije nikakata mpira wenyewe. Nikainama, nikalifungua lile fundo kwa meno. Ndiyo, kwa meno! Mpira ukachomoka kwenye mfuko, mkojo wa kahawia wenye usaha ukanimwagikia mikononi hadi viwiko. Uvundo wake, wee! Nikaurudisha mpira mahali pake, nikakimbilia uani, nikatapika mpaka nyongo.

Mzee akapata nafuu, akalala. Jioni mume wangu akarudi. Nilishaoga mara mbili, nikapika ugali na sato, nikamtuma apeleke chumbani. Sahani ikarudi vilevile.

"Baba anasema umtafutie mtu mwingine wa kumpikia," mume wangu akaniambia, macho chini. "Anasema hawezi kula cha mikono iliyoshika mkojo."

"Mkojo wa nani?" nikamuuliza.