Karte ya Ordinateri Niliyoibeba Kama Mayai

Kwetu mu nyumba, mimi njo nakanyaga gaz. Muzee, bwana yangu, anashika volan, ule usukani, na mukono ya kushoto, sababu ya kuume ilikufa siku ile ugonjwa ilimuangusha mu mulango wa choo, na muguu vile vile. Basi tunakaa wawili mbele ya ordinateri, kompyuta ile ya meza, yenye sanduku ya chuma, na tunaendesha kamyo moja ya mchezo. Yeye anakata kona, mimi niko na pedale chini ya muguu, gaz ya kuongeza mwendo na fren ya kusimamisha, bila kiatu. Watu wakipita inje wanasikia muzee akilalamika: "Fren! Fren, mama!" Wanafikiri tunapigana.

Bwana yangu alikuwa shofere ya kamyo ya kweli. Bunia, Mahagi, Ariwara, kisha kurudi. Maharagi, sabuni, watu juu ya mizigo. Sikuipenda ile kamyo. Ilikula ujana yake, na nitasema tena, kwa kuwa muzee hana nguvu ya kubisha: kule Ariwara alikuwa na mwanamuke. Nilijua, na alijua kama ninajua. Tuliendelea kuzaa. Lakini haya haiko ile niliyotaka kusema.

Nilitaka kusema kama ugonjwa ilichukua hata maneno. Mutu aliyekuwa anatukana taksi zote za muji, alibaki na "eh" na "ah". Daktari akaniambia: "Mama, maneno ikitumika inarudi. Akinyamaza sana, itaenda kabisa." 

Binti yetu ako na kibanda karibu na soko, anapigia watu barua ku mashine na kutoa fotokopi. Njo yeye alileta ordinateri ya zamani na volan ya mchezo. Mimi nilicheka. Nilisema, mutu mugonjwa unamuletea vitu ya watoto? Lakini muzee akashika volan, akaigeuza geuza, akaangalia chini akitafuta pedale. Muguu ya kuume ikakataa, ya kushoto ikachanganya gaz na fren. Nikavuta kiti, nikaweka muguu yangu.

Siku ya kwanza alisema "fren". Kisha "pole pole". Siku moja, mu kona mubaya, akanigeukia: "Weye mama, unakanyaga kama unaua nyoka!" Nililia. Tangu alianguka hakuna mutu alikuwa amenitukana vizuri hivyo.

Sasa shida ilianza wakati binti aliweka mchezo mupya. Ile ya kwanza barabara zake tulikuwa tumezimaliza, muzee alijua kila nyumba. Mupya ina milima, ina mvua, ina ng'ombe pembeni ya njia. Lakini ordinateri ikashindwa. Picha inakatika, kamyo inaruka kama chura. Muzee anageuza volan, na picha inamufuata wakati siye tuko tayari mu mutaro. Mara tatu, mara ine. Akapiga meza, akaachilia volan. Tukataka kurudia mchezo wa zamani, akageuza uso.

Wiki ile hakusema kitu. Hata "fren". Nilimuuliza kama anataka sombe ao maharagi, akaangalia ukuta. Nikaogopa kuliko siku alianguka.

Binti akaniambia: "Mama, karte grafike njo imechoka. Ni kile kipande cha ndani kinachochora picha. Inafaa ingine yenye nguvu, lakini isiyokula kura mingi ya umeme, sababu ya kwetu ni kidogo." Akatafuta mu telefone, akapata muchuuzi mumoja kule Ariwara aliye na moja iliyokwisha tumiwa, lakini nzuri. Lakini yeye mwenyewe hakuweza kufunga kibanda, ilikuwa wakati wazazi wanatengeneza makaratasi ya shule.

"Mimi nitaenda," nikasema.

"Mama, weye? Na ile barabara?"

"Ile barabara ilikula bwana yangu miaka yote. Inanijua."

Nikaenda. Sitasema mengi juu ya Ariwara. Nitasema tu kama kila bibi wa umri yangu niliyekutana naye ku soko, nilimuangalia miguu. Sijui nilikuwa natafuta nini mu miguu yao.

Muchuuzi alinionyesha karte: kipande kizito kama kitabu ya nyimbo, feni mbili juu yake, meno ya dhahabu pembeni. Akaniambia, "Mama, isipigwe, isianguke." Sasa, isipigwe namna gani, mu gari inayotoka Ariwara mpaka Bunia? Nikafikiri. Mama yangu alikuwa anatoa mayai Bogoro kuja kuuza Bunia, ku kichwa na baadaye mu gari, na hakuvunja hata moja. Unatia unga ya muhogo mu ndoo, unapanga mayai, unatia unga tena, unashindilia kidogo na mukono. Yai inalala pale kama mutoto mu mugongo. Na plastiki hapana, sababu yai mu plastiki inatoka jasho, inaoza.

Basi nikanunua ndoo na unga. Nikatoa karte mu kifuko chake. Nikailalisha.

Njia yote niliweka ndoo mu magoti. Ku barriere, pale wanafunga njia, askari akatia kidole mu unga, akauliza ni nini, nikamuambia ni unga. Sikudanganya.

Binti alifungua ndoo mu meza, akachimba, akatoa kitu cheupe. Akasema, "Mama. Ulitaka tuikaange?"

"Haikupigwa," nikasema. "Angalia. Haina hata alama."

"Feni imejaa unga, mama!"

"Lakini haikupigwa."

Alianza kucheka, kisha akaona uso yangu, akaacha. Alichukua burashi ya kupaka rangi, mupya, akapangusa kila ubavu wa zile feni. Kisha tukaomba kwa jirani pompe ya kinga, ile ya kutia baiskeli upepo, binti anashika karte, mimi napampu. Unga ikatoka kama moshi, tukapiga chafya wote wawili. Muzee alikuwa mu kiti chake, anaangalia. 

Binti akafungua sanduku, akatoa karte ya zamani, akatia ile ya Ariwara, akaikaza na vis, zile skrubu ndogo. Akawasha. Feni ikazunguka, lakini ekra, kile kioo cha picha, ikabaki nyeusi. Akazima, akawasha. Nyeusi.

Nilitoka inje, nikasimama karibu na kamba ya nguo. Nilijiambia, bibi mujinga, ulisoma mwaka mbili tu, ukaona unajua kubeba kila kitu. Umemubeba bwana yako mu ndoo, umemumwanga.

Binti akaniita. "Mama, leta gomu." Alikuwa ametoa karte tena. Mu yale meno ya dhahabu unga ilikuwa imeshika, nyembamba, kama ile inabaki mu kucha. Akasugua na gomu ya kufuta maandishi ya karayoni, pole pole, upande huu, upande ule, kisha kitambaa kikavu. Akarudisha.

Ekra ikawaka.

Sikuamini ile picha. Unaona nyasi moja moja. Ng'ombe ako na kivuli. Binti akasogeza meza, nikavua kiatu, nikaweka muguu ku gaz. Muzee akakaa tu. Mukono yake ya kushoto ilikuwa mu goti, nikaiangalia, sikuigusa.  Kisha ile mukono ikapanda, ikashika volan.

Tukaondoka. Kamyo haikuruka. Alikata kona ya kwanza, ya pili, tukapanda mulima, na kule juu mvua ikaanza mu ekra. Matone inagonga kioo ya mbele, inateremuka, ingine inaingia. Nilikuwa nakanyaga tu, nikingoja "fren".

"Funga dirisha," muzee akasema. "Utaloa."

Inje jua ilikuwa kali, nguo zangu zilikuwa zimekauka ku kamba. Nikatoa muguu ku gaz, kamyo ikasimama mu mulima, nikaenda kufunga dirisha za nyumba. Zote mbili.