Ng'ombe Niliyemchora Vizuri Mno

Kidato cha kwanza tulikuwa kumi na mmoja kwenye darasa la sanaa, na wote tulichora ng'ombe. Madamu alikuwa ametuambia tu tuchore kitu cha nyumbani. Alikuwa msichana wa Lindi aliyepangiwa kazi huku Tarime, akavuka nchi nzima na begi la nguo na boksi la penseli, na nadhani alitegemea sufuria, jiko, labda kuku. Alipofika mezani kwangu akacheka mpaka akashika kiuno.

"Ng'ombe ametazama kando, lakini namwona masikio yote mawili na macho yote mawili. Huyu amekanyagwa na gari?"

Darasa zima likacheka, ingawa na wao walikuwa wamechora hivyo hivyo. Mimi hasira zangu ziko karibu tangu utotoni. Nikasimama.

"Madamu, ukificha sikio, mtu atajuaje ng'ombe ni wa nani?"

Kwetu sikio la ng'ombe hukatwa alama ya wenyewe, na mtoto wa miaka sita anaisoma kabla hajaijua herufi a. Madamu hakulijua hilo. Alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Basi umechora unachokijua. Mimi nataka unachokiona."

"Mwenye macho haambiwi tazama," nikamjibu.

"Wewe nakuambia."

Nilimchukia muhula mzima, kisha nikaanza kukaa benchi la mbele. Kidato cha pili nilichora ndoo, ndoo ile ile, miezi mitatu, mpaka nikajua kwamba kivuli kina ukingo mkali upande mmoja na upande mwingine kinapotea polepole. Nilichora kwa mkaa niliouiba jikoni kwa mama. Saa ya kulipua baruti kwenye mgodi wa dhahabu wa jirani, meza zikitetemeka, tulinyanyua penseli, tukasubiri zitulie, tukaendelea. Wenzangu walipungua. Wawili waliacha shule wakaingia mashimoni kutafuta dhahabu, wengine wakaambiwa nyumbani kwamba kuchora si kazi. Kidato cha tatu tulibaki wanne. Mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba nitaishi kwa mkono huu au sitaishi kabisa. Ndivyo nilivyokuwa nikisema, kwa maneno hayo hayo ya kijinga.

Mwaka huo ndipo baba alipoleta ng'ombe. Aliingia naye mchana kweupe, ndama akiwafuata nyuma, akasema amebadilishana na dume letu kwa mtu mmoja wa huko mlimani. Mama hakuuliza ni mtu gani. Mimi pia sikuuliza. Kukamua ilikuwa kazi yangu, kwa hiyo kesho yake asubuhi nilikuwa wa kwanza kumsogelea.

Alikuwa na rangi ya chai ya maziwa mengi, baka jeupe begani, na pembe ya kushoto ilishuka karibu kugusa jicho. Sikio la kushoto lilikuwa na kidonda kibichi. Ilikuwa alama yetu, imekatwa juu ya mkato wa zamani uliokuwa wa namna nyingine. Nilipozunguka upande wa kulia nikakuta makovu matatu marefu pajani, yanang'aa, hayana nywele. Kwetu Matongo hakuna simba. Simba wako hifadhini, na wanaofuga karibu yao ni watu wa upande wa Ikoma. Nilijua. Sikutaka kujua, nikaweka kibuyu chini nikakamua.

Muhula ule madamu alitupa kazi kubwa ya kuchora kwa kuangalia, ambayo alama yake ingeingia kwenye matokeo yetu ya kidato cha nne. Nilichora ng'ombe yule kwa wiki sita. Kila asubuhi nikishakamua nilibaki pale pale kwenye kigoda, karatasi ya manila juu ya magoti, mama akinipigia kelele kwamba maziwa yanaingia nzi. Nilichagua upande wa kushoto ili makovu yasionekane, nikajiona mjanja. Lakini sikio lilinishinda. Nilijaribu kulichora na alama yetu peke yake, likakaa vibaya, kama jani lililogandishwa kwa ugali. Nikafuta. Nikajaribu tena, nikafuta tena. Siku ya tatu nikalichora kama lilivyokuwa, kidonda kipya juu ya mkato wa zamani, na ng'ombe mzima akapata uhai. Ningeweza kuacha lile sikio baya. Sikuacha, kwa sababu ya majivuno tu.

Madamu aliichukua picha, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Huyu ni nani?" akauliza. Miaka mitatu alikuwa akiniuliza hiki ni nini. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia kwa furaha.

Akaibandika ukutani siku ya wazazi, ambayo ilikuwa Jumamosi. Baba, ambaye hakuwahi kukanyaga shuleni, siku hiyo alikuja na koti lake la kanisani. Alikuja pia mzee mmoja kutoka Ikoma, babu wa msichana aliyekuwa akikaa hosteli. Nilimwona akipita kwenye picha za wenzangu, mikono nyuma, kwa adabu ya mtu asiyeelewa lakini hataki kuudhi. Alipofika kwenye yangu akavua kofia.

"Nani amechora hii?"

"Mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, binti." Hakugeuka kuniangalia. "Huyu, upande wa pili, ana makovu matatu hapa pajani?"

Mkuu wa shule alikuwa pale. Madamu alikuwa pale. Baba alikuwa mlangoni, chupa ya soda imekomea njiani kwenda mdomoni. Kwetu mtu akikutwa na ng'ombe wa wizi, polisi mara nyingi hufika ameshauawa. Niliwaza wadogo zangu watatu.

"Sijui, mzee. Nimemchora kutoka kichwani."

"Hata sikio?"

"Hata sikio."

Madamu alinitazama. Wiki sita nzima nilikuwa nikimlalamikia jinsi ng'ombe huyo asivyotulia akiwa na nzi.

"Basi Mungu amekupa kichwa cha ajabu," mzee akasema, na hakuwa akinikejeli. Afadhali angenikejeli. "Mama watoto ndiye alikuwa anamkamua. Tangu aibiwe, kigoda chake amekigeuza juu chini, hataki mtu akikalie. Kama ni wa kichwani tu, nipe nimpelekee."

Kumnyima kungekuwa kukiri. Nikaibandua mwenyewe, nikaikunja, nikampa kwa mikono miwili. Akanibariki.

Njiani kurudi nyumbani baba alisema, "Umejibu vizuri." Ndiyo mara ya kwanza kunisifu kwa jambo lolote la shule. Kabla jua halijazama alishamtoa ng'ombe na ndama wake kwa njia ya Sirari, kuelekea mpakani, na kibuyu changu kikabaki kimening'inia kikavu. Picha yenyewe hakuwahi kuiangalia.

Jumapili nilikaa kanisani bila kusikia neno. Nikisema, nimemuua baba. Nikinyamaza, kuna mwanamke huko Ikoma amebaki na karatasi mahali pa ng'ombe. Nilitafuta njia ya tatu mpaka kichwa kikauma, sikuiona, na hadi leo sijaiona.

Jumatatu madamu aliniita kwenye stoo tuliyoifanya darasa. Alikuwa amefungua daftari la alama. Mbele ya jina langu palikuwa na tisini na mbili kwa penseli. Hakuwahi kumpa mtu yeyote tisini.

"Kazi ilikuwa kuchora kwa kuangalia," akasema. "Juzi umesema mbele ya mkuu wa shule kwamba hukumwangalia. Leo natakiwa niandike kwa wino. Ulimwangalia au hukumwangalia?"

"Madamu, tafadhali."

"Ukiniambia ulimwangalia, nitaandika hii tisini na mbili, na nitamfuata yule mzee. Siwezi kufanya moja nikaacha lingine, mwanangu. Nimejaribu tangu juzi, nimeshindwa."

Macho yake yalikuwa mekundu. Nilitamani anichape, apige kelele, aniamulie yeye. Alikaa tu na kalamu, akanisubiri, kama alivyonisubiri miaka yote mitatu mbele ya kila kitu nilichodhani nakijua.

"Andika sifuri, madamu."

Alifuta ile tisini na mbili taratibu, akapuliza vumbi la raba, akaandika sifuri kwa wino. Nikamwambia ahsante.